Laptopu Ni Yako, Lakini Ufunguo Ni wa Nani?

Wewe kijana unayesoma hapa, nikuulize kitu. Ile laptopu ya mtumba uliyoipigania bei kule Mombasa, ukailipa kwa M-Pesa na ukapewa risiti, ni yako? Utaniambia, "Bro, swali gani hilo? Nimelipa, ni yangu." Sawa. Ukabadilisha na mfumo, ukaondoa Windows iliyokuwa ikilialia, ukaweka Linux. Sasa unajiona mwenye nyumba kamili, kuanzia sebuleni hadi jikoni.

Pole, lakini ndani ya nyumba hiyo huenda kuna chumba ambacho wewe mwenyewe huruhusiwi kuingia. Kiko kwenye memori ya grafiki, kimefungwa kwa kufuli la hesabu, na ufunguo haujawahi kupita mikononi mwako. Kinachoshangaza ni kwamba programu inayokisimamia ni huria, yaani msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuusoma. Mlango unauona na bawabu unamjua kwa jina, ila kuingia huingii.

Najua huku Munje mtu akisikia habari hizi atasema ni mambo ya Ulaya, sisi tuna shida za bando na stima. Nakwambia hapana. Sisi tunaonunua simu za bei nafuu na laptopu zilizotumika ndio makufuli haya hutubana zaidi. Twende taratibu.

KAZI YA DRAIVA NI NINI?

Kadi ya grafiki, au GPU, ndiyo inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Lakini haielewani moja kwa moja na programu zako. Lazima kuwe na mtu wa kati, na huyo ndiye draiva. Mfikirie kama bodaboda kati ya Munje na Msambweni: mzigo unatoka kwa programu, anaubeba, anaufikisha kwa GPU. Kwenye Linux, draiva za AMD na Intel ni huria. Ukitaka kujua bodaboda anapita njia gani na anabeba nini, unafungua msimbo na kusoma.

Sasa chukua sinema ya kulipia. Inakuja kwenye intaneti ikiwa imesimbwa, yaani imevurugwa makusudi ili asiye na ufunguo asione kitu. Lakini ili wewe uione, lazima mahali fulani ifumbuliwe na kuwekwa kwenye memori kama picha za kawaida kabla ya kwenda kwenye skrini. Hapo ndipo kampuni za sinema hukosa usingizi, kwa sababu anayeweza kusoma ile memori anaweza kunakili picha zote. Na kwenye mfumo huria, mwenye mashine anaweza kusoma chochote.

Ndiyo maana Septemba 2019 wahandisi wa AMD walituma mabadiliko mapya kwenye draiva yao ya Linux iitwayo amdgpu. Walileta kitu kinachoitwa TMZ, eneo la memori linaloaminiwa. Linavyofanya kazi ni hivi: memori imegawanywa katika kurasa ndogo ndogo. Draiva ikiweka alama maalumu kwenye ukurasa, maunzi yenyewe yanausimba kila kinapoandikwa kitu na kuufumbua kila kinaposomwa. Lakini si kila anayeomba kusoma hufumbuliwa. Sehemu za GPU zinazoaminiwa, kama ile inayofungua video, zinaona picha. Prosesa kuu, yaani ile CPU inayoendesha programu zako zote, imewekwa kwenye orodha ya wasioaminiwa. Ikichungulia, inakuta vurugu tupu.

Rudi kwa bodaboda wetu. Bado njia yake unaijua na nambari yake ya usajili unaiona, lakini safari hii kifurushi alichobeba kimetiwa lakiri, na hata yeye mwenyewe hajui ndani mna nini. Mabadiliko hayo yaliingia kwenye keneli ya Linux mwaka uliofuata, 2020.

Kabla sijasonga mbele, nikutoe tongotongo kidogo. Ukisoma habari hizi utakutana na herufi DRM kila mahali, na utachanganyikiwa. Ndani ya Linux, DRM ni jina la ile sehemu ya keneli inayoratibu uchoraji wa grafiki, haina ubaya wowote. Nje huko, DRM ni usimamizi wa haki za kidijitali, yaani makufuli ya sinema, vitabu na michezo. Majina yamegongana kwa bahati tu, lakini siku hizi mambo yenyewe yamekutana chumba kimoja.

Wala AMD hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2018, Linux 4.17 ilipokea msimbo wa HDCP kwenye draiva ya Intel, kazi iliyotoka kwa watu wa Google waliokuwa wakishughulikia Chromebook. HDCP ni kufuli la waya: linasimba picha inaposafiri kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini kwa HDMI. Kama kikundi chenu cha vijana kimewahi kuazima projekta ya zamani muonyeshe filamu ukutani, mkaona menyu vizuri lakini filamu ikatoka nyeusi, huenda hicho ndicho kilichowapata. Projekta ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, bali vifaa viwili vilikataa kuaminiana, na hakuna aliyewauliza nyinyi.

UPANDE WA PILI UNA HOJA

Sitaki uniweke kwenye kundi la watu wanaosema kila kitu kiwe bure. Sisi wa Pwani tuna wasanii. Kuna vijana wanatengeneza filamu fupi kwa simu, kuna wanaochanganya midundo ya sengenya na ngoma za kisasa, na kazi zao zikianza kupita kwenye flashi kwa shilingi hamsini, wao hawaoni hata senti. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 40, inaitaka serikali iunge mkono na kulinda haki za ubunifu. Hilo ni haki. Cha mlevi huliwa na mgema, lakini msanii si mlevi.

Pia kusimba memori si dhambi kwa yenyewe. AMD hao hao wana teknolojia ya kusimba memori ya kompyuta nzima ili mwizi akiiba mashine asichote siri zako, na ya kusimba memori za seva ili hata mwenye seva asichungulie kazi ya mteja. Hiyo naikaribisha kwa mikono miwili. Simu yako ikiibwa kwenye msongamano wa Likoni, unachoomba ni kwamba kila kitu ndani yake kiwe kimesimbwa kwelikweli.

Kwa hivyo tusigombane na hesabu. Hesabu ni ile ile, kufuli ni lile lile. Swali ni moja tu, nalo ndilo ninalokuomba ulibebe: ufunguo uko kwa nani? Kufuli ambalo ufunguo wake unao wewe ni ulinzi. Kufuli lililo kwenye mlango wako na ufunguo uko kwa mtu mwingine, hilo ni jambo jingine kabisa, hata likipakwa rangi gani.

JE, MAKUFULI HAYA YANAFANYA KAZI?

Tuangalie rekodi. Diski za DVD zilikuwa na kufuli lao. Mwaka 1999 kijana wa Norway wa miaka 15, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake wakatoa programu ya kulifungua. Wakati huo watumiaji wa Linux hawakuwa na programu rasmi ya kuchezea DVD walizonunua kwa pesa zao. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama za kwao zikamwachilia. HDCP nayo, ufunguo wake mkuu ulivuja mwaka 2010, na Intel wakakiri kuwa ni wenyewe. Widevine, kufuli la Google linalotumiwa na Netflix na wengine wengi, lina viwango. Mwaka 2019 mtafiti David Buchanan alitangaza kuwa amekivunja kile cha chini, L3.

Unaona mwelekeo? Kila kufuli huvunjwa na mtu mmoja, mahali pamoja, mara moja. Baada ya hapo sinema inazunguka dunia ikiwa uchi, bila kufuli lolote. Yule jamaa wa flashi Ukunda hajawahi kusikia neno TMZ maishani mwake, kwa sababu faili anayokuuzia ilishavuliwa kufuli zamani. Anayekutana na kufuli kila siku ni yule aliyelipa. Yaani bawabu amekaa mlangoni anawapekua wenye tiketi, na wasio na tiketi wameshapita dirishani.

NANI ANALIPA GHARAMA?

Fanya jaribio hili leo. Fungua programu ya Netflix kwenye simu yako ya Android, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya vipimo vya uchezaji. Itakuonyesha simu yako ina Widevine kiwango gani. Ukiona L1, ufunguo umehifadhiwa ndani ya maunzi na unaruhusiwa picha safi. Ukiona L3, na simu nyingi za bei ya chini ndizo hizo, hutapata picha safi ya HD hata kama skrini yako inaiweza na bando lako ni la kutosha. Unalipa ada sawa na mwenzako mwenye simu ya laki, unapewa picha hafifu.

Duka liliponiuzia simu, hakuna aliyenitajia neno hilo. Walinitajia kamera, betri na ukubwa wa skrini. Na wewe pia nina hakika hukutajiwa.

Kuna mambo mengine mazito zaidi ya picha. Julai 2009, Amazon walifuta kwa mbali vitabu ambavyo watu walikuwa wameshavinunua kwenye Kindle, na kimojawapo kilikuwa 1984 cha George Orwell. Kosa lilikuwa la muuzaji asiye na haki ya kukiuza, na pesa zikarudishwa, lakini hebu fikiria: mtu anaingia chumbani kwako usiku, anachukua kitabu, anakuachia noti mezani. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu, na vitabu vyote vikaacha kufunguka. Pesa zilirudi, vitabu havikurudi.

Na wenzetu wasioona? Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na mwaka 2019 sheria yetu ya hakimiliki ikarekebishwa ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa breli au sauti kwa ajili yao bila kuomba ruhusa ya mwenye haki. Hiyo ni hatua nzuri sana. Lakini kufuli la kidijitali halisomi sheria. Halijui kama anayegonga ni mwizi au ni mwanafunzi asiyeona anayetaka programu yake imsomee ukurasa. Kwake wote ni wageni.

TOFAUTI YA KUFULI LA DENI

Utaniambia, "Lakini sisi tushazoea. Simu za kukopa si zinafungwa?" Swali zuri. Julai 2020, Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Usipolipa, simu inafungwa. M-KOPA nao wana mpango wa namna hiyo. Watu wengi wa huku wamepata simu yao ya kwanza ya maana kwa njia hiyo, na siwezi kuidharau.

Lakini linganisha makufuli haya mawili. Kufuli la deni uliliona kabla ya kusaini. Unajua linafunga kwa sababu gani, unajua utafanya nini lifunguke, na muhimu kuliko yote, lina mwisho: ukimaliza kulipa, simu inakuwa yako. Kufuli la memori ya grafiki hukuambiwa, hukusaini, na hakuna siku litakayokwisha. Ukilipa shilingi ya mwisho ya laptopu yako, chumba kile bado hakifunguki. Ukiiuza, aliyenunua naye anarithi chumba kisichofunguka. Kama hata mkopeshaji anakubali kutoa ufunguo mwisho wa deni, mbona aliyeuza taslimu akatae?

KWA NINI NI VITA YETU

Nikueleze kwa nini jambo hili linanikaa rohoni. Mimi niliacha chuo. Karo ilikwama, na hadithi hiyo unaijua kwa sababu kila nyumba huku ina mmoja wetu. Lakini msimbo wa keneli ya Linux haukuniomba cheti. Hakuna lango, hakuna karo, hakuna barua ya mwalimu. Unaweza kukaa hapa Munje, na bando la jioni, ukasoma mstari kwa mstari jinsi kadi ya grafiki inavyozungumza na skrini, sawasawa na mhandisi wa Toronto anavyosoma. Ukiona hitilafu, unatuma marekebisho, na yakiwa sahihi yanakubaliwa bila kuulizwa ulisoma wapi. Kwa kijana asiye na mjomba ofisini, hicho ndicho chuo kikuu.

Sasa kila chumba kinachofungwa ndani ya mashine ni darasa linalofungwa. Draiva ya amdgpu iko wazi, lakini kuna prosesa ndogo ya usalama ndani ya chipu inayoendesha msimbo uliofungwa na kutiwa sahihi ya kampuni. Huwezi kuusoma, huwezi kuubadilisha. Ikiwa kazi nyingi zaidi zitahamishiwa huko ndani, draiva huria itabaki kuwa mbeba barua tu. Jina litakuwa huria, roho imeshahama. Hapo ndipo mtu atakwambia "soma msimbo uko wazi", nawe utasoma mistari elfu kumi inayosema kitu kimoja: peleka hii kule, usiulize.

Hili si woga wa bure. Mwaka 2017, shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti liliidhinisha kiwango kinachoruhusu vivinjari kuunganishwa na makufuli haya. Wanaharakati wa EFF waliomba angalau watafiti wa usalama na watengenezaji wa vifaa vya wasioona walindwe wasishtakiwe. Hawakukubaliwa, nao wakajiuzulu uanachama. Kufuli likaingia, ulinzi wa mtumiaji ukabaki nje.

TUNATAKA NINI?

Simwambii mtu avunje kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inakataza kukwepa hatua za kiteknolojia zinazolinda kazi za watu, na sitaki mtu wa kwetu apelekwe kortini kwa sababu ya makala yangu. Ninachosema ni kwamba tuna haki ya kudai, na madai yangu ni matatu.

La kwanza, tuambiwe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Basi kwenye boksi la simu, pale panapoandikwa megapikseli, paandikwe pia kiwango cha Widevine. Ni mstari mmoja tu wa wino.

La pili, swichi iwe ya mwenye mashine. Na hapa AMD niwape sifa yao: draiva ya amdgpu ina chaguo liitwalo amdgpu.tmz, ambalo unaweza kuliweka sifuri unapowasha mashine, na kipengele kikazimika. Ukikizima, huenda sinema fulani zikakataa kucheza kwa ubora wa juu. Sawa tu, hayo ni makubaliano kati ya watu wazima: wewe umeamua, wao wameamua. Ninachopinga ni siku swichi hiyo itakapoondolewa kimyakimya na tukaambiwa ni kwa usalama wetu.

La tatu, sheria yetu iwatambue wanaofungua kwa nia njema. Fundi wa simu Ukunda anayetengeneza, mwanafunzi anayesoma usalama wa mitandao, mtu asiyeona anayetaka kusoma, hao si maharamia. Mlango wa Marrakesh ulishafunguliwa kwa vitabu. Uongezwe upana.

Na wewe unayesoma, una kazi pia. Kabla ya kununua simu, uliza kiwango chake, hata kama muuzaji atakutolea macho. Ukiulizwa na watu kumi kwa siku kitu usichokijua, mwishowe utakitafuta. Kabla ya kufungua butiloda ya simu yako uweke mfumo mwingine, ujue kwamba kwenye baadhi ya simu unashuka kutoka L1 hadi L3, kwa hivyo amua ukijua. Msanii unayempenda, mlipe pale anapolipwa moja kwa moja, usimwachie jamaa wa flashi. Na kama una laptopu ya AMD yenye Linux, ingia kwenye nyaraka za amdgpu usome hiyo sehemu ya TMZ. Ni fupi, na haijafichwa.

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la enzi hii ni kujua kilichomo ndani ya kitu unachokimiliki, nani anakiamuru, na kinamtii nani wewe usipokuwepo. Usikubali kuitwa mwenye nyumba na huku unaishi kama mpangaji. Laptopu ukishailipa, dai na funguo zake.